Chupa za Kichungu Madirishani

Juzi vijana watatu walinijia hapa Kishanda, Jovitha, Edigar na yule msichana mrefu wa Kahororo, Prisila. Walikuja na chupa ya plastiki yenye maandishi ya kijani, wakanisomea kwa sauti kama wanasoma waraka kanisani: "Huondoa uchovu wa pombe. Hulinda ini." Wakasema, bibi, tumesikia miaka ile wewe ndiye ulikuwa fundi wa kitu hiki, tupe mbegu yako na vipimo, sisi tutakifungasha kisasa.

Nilikasirika mpaka chai ikanimwagikia. Hulinda ini! Ini la nani? Mmeliona wapi mkalilinda? Walicheka, wakadhani ni uzee. Nikawafukuza kwa adabu, kisha nikajuta kwamba sikuwafukuza vizuri zaidi. Ndiyo maana nimenunuliwa daftari, naandika kwa mkono wangu huu wa darasa la tatu, msomeane nyie wote mnaotaka kuloweka majani na kuwauzia walevi. Mbegu sina. Niliimwaga kwa sababu ya mdogo wangu Faustine, niliyekuwa namuua huku najiita mganga wake. Habari yake nitaifikia. Lakini kwanza mjue kazi yenyewe, maana kosa langu hamtaliona kama hamjui nilichofundishwa.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Ma Anastela, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Nyie mnajua, kila kibanja hapa kwetu kina ndizi za pombe, na penye harusi au ubatizo au matanga pana rubisi, na asubuhi yake pana wanaume wamekaa nje ya nyumba wameshika vichwa vyao kama vya kuazima. Hao ndio waliokuwa watu wake. Aliwatengenezea kichungu. Unachuma majani ya omubilizi, ule mti mchungu wa kwenye nyua zetu, unayachuma kabla haujatoa maua. Unayatwanga. Unayatia kwenye omuramba, yaani maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo, hayajawa pombe bado. Unaongeza konzi ya mtama uliokaangwa, na machicha kidogo ya kibuyu kilichopita. Hayo machicha ndiyo mbegu. Kibuyu unakifunika kwa jani la mgomba, unakifukia kwenye nyasi kavu karibu na jiko, unasubiri.

Hatukuwa na saa. Tulikuwa na sikio. Siku ya pili unalaza sikio kwenye kibuyu, na ukisikia kama mvua inayonyesha kwenye kibanja cha jirani, kinakwenda vizuri. Kikinyamaza, kimekufa, mwaga. Siku ya tatu unachuja na mtu anakunywa kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo. Siku ya nne usimpe mtu.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu kichungu hakijui kuwa ni dawa, Leokadia. Kinajua kuchacha tu. Siku ya nne ni pombe, na pombe kwao wanayo."

Mara ya kwanza aliponiachia kazi peke yangu nilikiosha kibuyu kwa sabuni ya mche. Nilitaka aone nilivyo msafi. Mbegu ikafa, na sabuni ikabaki, na asubuhi baada ya harusi ya Domina wanaume saba walikunywa povu. Mzee Pankrasi akasimama kumsalimia padre, akafungua mdomo, akacheua mapovu mpaka kwenye ndevu. Padre akafanya ishara ya msalaba. Ma Anastela hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Leo umewaosha ndani." Wiki nzima nikawa naitwa Mama Sabuni.

Na kulikuwa na siri mbili, nawapa bure. Ya kwanza, kabla ya kichungu kila mtu alipewa maji bakuli zima na uji wa mtama wenye chumvi. Nilimuuliza mbona uji mwingi namna hii. Akacheka. "Nusu ya dawa yangu ni uji. Nusu ya pili ni kwamba mdomo ukishakuwa mchungu hivi, leo hatarudi kilabuni." Hiyo ndiyo dawa, wajukuu. Maji, uji, na siku moja bila pombe. Majani yalikuwa ya kumfanya mtu atii. Kama yalisaidia kitu kingine mimi sijui, na yeye hakujua, na hakudai kujua.

Siri ya pili ilikuwa ni sheria. Hakuna mtu aliyepewa kichungu bila kusimama mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, Ma Anastela ashushe kope lake la chini kwa kidole gumba. Macho mekundu, karibu ndani, kunywa. Macho ya manjano, hapana. Hata awe nani. Alimkatalia kaka yake mwenyewe, mzee Bernado. "Nenda hospitali. Nyumba yako inaungua ndani, mimi siongezi kuni." Mzee Bernado akakasirika, akaenda, akarudi ameambiwa asiguse pombe tena, akaishi mpaka nikazaa mtoto wa tano.

Basi, vita vikaja. Vya kwetu huku, si vya kusimuliwa redioni. Watu wa mpakani walikuja na mikeka kichwani, barabara zikajaa askari, na Bukoba mjini pombe ikawa nyingi kuliko chakula. Askari aliyekunywa gongo usiku na anatakiwa alfajiri asimame wima, huyo anatafuta kichungu kuliko anavyotafuta barua ya nyumbani. Mume wangu, Klemensi, alikuwa na kazi ya fundi bomba mjini, tukahamia Kahororo, na mimi nikafukia vibuyu vyangu nyuma ya nyumba ya kupanga. Wakawa wengi mno. Mlango mmoja haukuwatosha.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia chupa. Mjini palikuwa na mzee Mhindi, Mzee Valji, wa duka la vitu vya nyumbani, mtu mkimya, baba yake alizaliwa pale pale nyuma ya duka. Alinipa chupa tupu, akanifundisha kuziosha kwa maji ya moto na kuziziba kwa gunzi lililochongwa. Mimi nikafunga kila shingo kwa uzi mweusi, mtu ajue hiki ni cha Leokadia. Nikamletea chupa ishirini. Akaziangalia.

"Mama, mtu akija kununua, mimi namwambia nini?"

Nikamwambia ashushe kope, aangalie macho.

"Mimi iko nauza sukari na viberiti. Macho mimi sijui."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa Kihindi. Mzee wa watu alikuwa ananiuliza swali ambalo lingenisaidia sana kama ningelijibu.

Siku ya tano tangu nilete zile chupa, nilikuwa dukani napima kanga. Jua lilikuwa linapiga rafu ya dirishani. Ghafla paa! Halafu paa, paa! Magunzi yakaruka, chupa moja ikapasuka kabisa. Mnakumbuka ni wakati wa vita. Duka zima likalala chini. Sajenti mmoja mnene alijirusha nyuma ya magunia na kumkanyaga mke wa karani. Mwalimu Verdiana akaanza kusali rozari kuanzia katikati. Mzee Valji peke yake ndiye aliyebaki amesimama, kichungu kinamdondoka kwenye miwani.

"Mama Leokadia," akasema taratibu, "hii dawa yako iko na hasira. Bado inafanya kazi ndani ya chupa."

Tukacheka mpaka machozi, na sajenti naye akacheka. Niliondoka pale nimejifunza kutoboa magunzi ili hewa itoke. Kutoboa magunzi! Kitu kinaniambia kwa mdomo wake, kwa mlio wa bunduki, kwamba siku ya nne imepita na kinaendelea kuchacha, na mimi nikajifunza kutoboa magunzi.

Vita vikaisha. Klemensi akafariki kwa kifua, nikarudi Kishanda kwenye kibanja. Chupa zikaendelea kwenda mjini, na Kamachumu, na Muleba, kwa lori la kahawa. Na vita vilipoondoka ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, kama kile kitambaa cha magendo kilichokuwa kinapendwa na wasichana. Nyie mliusomea shuleni, mkaujibia mtihani. Sisi tulizika. Kulikuwa na wiki ambazo nguo za msibani hazikukauka kwenye kamba. Domina yule wa harusi ya povu alikwenda, na mume wake Eladi, na mdogo wa huyo Eladi. Sitawaorodhesha wote, ingawa ninao wote kichwani.

Na katika miaka hiyo biashara yangu ikakua kuliko wakati wa vita. Sikuelewa. Watu wamefiwa, pombe imepungua, nani ananunua? Nikaja kuelewa siku nilipokwenda Kamachumu kwa miguu na kuangalia madirisha. Chupa yangu yenye uzi mweusi ilikuwa dirishani kwa Ma Paskazia. Ilikuwa dirishani kwa fundi cherehani. Ilikuwa dirishani kwa katekista Ladislaus, mtu ambaye hajaonja pombe tangu kipaimara! Imegeuzwa uzi uangalie barabarani.

Kila mmoja wao alikuwa na mgonjwa ndani. Na kila mmoja alisema ni ini. "Anaumwa ini, alikunywa sana, tunampa kichungu cha Leokadia." Watu walikubali kuitwa walevi. Mama alikubali binti yake, msichana wa kwaya, asemwe mlevi, kuliko lisemwe lile jina jingine. Chupa haikununuliwa inywewe. Ilinunuliwa isimame dirishani ili majirani waendelee kuja, wapokee kikombe, wamguse mgonjwa mkono.

Mkiniuliza nilifanya nini, nitawaambia ukweli: nilinyamaza. Nilisema moyoni ninawasitiri watu. Kumbe nyuma ya chupa yangu mtu analala wiki sita bila hospitali, maana akipelekwa hospitali chupa itaonekana ni uongo. Na majirani nao hawakuwa wajinga. Baada ya mwaka mmoja kila mtu Kamachumu alijua kwamba kichungu dirishani maana yake ni Juliana. Wakawa wanapita upande wa pili wa barabara.

Ndipo Faustine akaugua.

Faustine ni wa mwisho kwetu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Wakati wa vita alichukuliwa mgambo, akabeba masanduku ya risasi mpaka ng'ambo, akarudi mzima wa viungo na gongo mdomoni. Mkewe, Editruda, akaniletea ujumbe kwa mtu wa lori: "Wifi, Faustine anaumwa ini, tuletee kichungu." Nilikaa chini. Nililia pale pale kwenye kibanja. Nikasema, na yeye. Kwa sababu mimi nilikuwa wa kwanza kujua maana ya maneno hayo. Nikatuma chupa nne. Akatuma tena ujumbe, nikatuma nne. Mara ya tatu, nne tena. Chupa kumi na mbili, na miguu yangu mwenyewe sikuituma. Niliogopa. Mimi niliyefundishwa kushusha kope la kila mlevi wa kijiji, sikwenda kushusha kope la mdogo wangu.

Nilikwenda pale Editruda alipokuja mwenyewe, miguu imejaa vumbi, hakukaa wala hakunywa maji.

"Wifi, na wewe umemkimbia?"

"Sijamkimbia. Nimewatumia dawa."

"Dawa anakunywa. Asubuhi, mchana, jioni. Tumbo linazidi kuwa kubwa."

Hilo tumbo lilinishtua. Wale wengine walikuwa wanakonda mpaka wanaisha, hawakuwa na tumbo. Tukaondoka saa hiyo hiyo kwenda kwao Kamachumu.

Nyumba ya Faustine ilikuwa kimya kama ya watu waliohama. Hakuna jirani uani. Kikombe chake kilikuwa kimewekwa peke yake juu ya jiwe, kisichanganyike na vya wengine. Chupa zangu zilikuwa dirishani kwenye jua, magunzi yake yenye matundu, na Editruda alikuwa anampa bila kipimo kwa sababu hakuna aliyemwambia kipimo. Nikachukua moja, nikanusa. Kilabu kitupu. Nilionja. Ilikuwa kali kuliko rubisi ya harusi.

Faustine akafungua macho.

"Dada. Umefuata chupa zako?"

"Nyamaza, wewe. Nikuangalie."

Tukambeba mimi na mkewe mpaka mlangoni kwenye mwanga, nikashusha kope. Manjano, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nilisimama na kidole gumba changu kwenye jicho lake, nikashindwa kukiondoa.

"Ni ini," nikasema.

"Nilikuambia ini."

"Faustine, kila mtu anasema ini!"

"Sasa mtu mwenye ini la kweli asemeje?" Akajaribu kucheka, tumbo likamuuma. "Nifundishe, dada. Niseme nini ili mje?"

Wajukuu, hilo swali bado ninalo. Nyie wenye chupa ya maandishi ya kijani, lijibuni.

Kijiji kina chama cha kubeba wagonjwa kwa machela, na Faustine aliwabeba wengi kabla hajaangukia kitandani. Nikamwendea mwenyekiti, Rukasi. Akaniambia vijana wako shambani. Wote. Nikawaona wamekaa nyuma ya nyumba yake wanacheza bao. Nikawatukana mmoja mmoja kwa jina, na jina la baba, na la babu, Kihaya kitupu, hakuna aliyeinua kichwa. Aliyetusaidia ni Swithbert, dereva wa lori la kahawa, naye kwa masharti: tumfunge mgonjwa kwenye turubai.

"Ni ini," nikamwambia.

"Mama, kama hilo ni ini, mimi ni askofu." Lakini akatupeleka. Huyo simsemi vibaya. Alituita waongo akatupeleka, na wengine walituamini kwa mdomo wakabaki kwenye bao.

Hospitali daktari alikuwa kijana, macho yamechoka. Akambonyeza tumbo, akanusa, akaniangalia.

"Ini limeharibika siku nyingi. Lakini nani anampa huyu pombe mpaka leo?"

"Si pombe, daktari. Ni dawa ya ini."

"Dawa gani inayonuka kilabu, mama?"

Nilijibu kwa sauti ili Editruda naye asikie: "Ni yangu. Mimi ndiye ninayetengeneza." Hakunigombeza. Aliandika. Afadhali angenigombeza. Nikamwuliza angepona kama tungekuja mapema. Akasema ini la Faustine lilianza kuharibika tangu gongo la vita, huenda angepata miaka, huenda angepata miezi, hajui. Lakini kila kikombe tulichompa kilimpunguzia. Akampima na ule ugonjwa mwingine pia, kwa ridhaa yake. Hakuwa nao.

Faustine alikaa siku kumi na moja. Nililala chini ya kitanda chake na kumlisha uji. Siku nzuri moja alinitania, "Dada, huu uji wako ndio ungeuweka kwenye chupa." Siku ya kumi na moja hakuamka.

Tulimzika Kamachumu, kwenye kibanja chake. Watu walikuja, maana kuzika kwetu hakukosi watu hata waliokukimbia, wakasimama mbali na jeneza. Kabla hajashushwa nikaomba kusema. Mwanamke kusema pale halikuwa jambo la kawaida. Padre akaniruhusu.

Nikasema: "Ndugu yangu hakuwa na Juliana. Na angekuwa nayo angebaki ndugu yangu, na nyie mngekuwa mmekosea vile vile kumwekea kikombe juu ya jiwe. Alikuwa na ini. Gongo lililianza na kichungu changu kikalimalizia, kwa sababu nilikiuza kwa watu nisiowaona macho, na kwa sababu nilimwogopa mdogo wangu. Kichungu hakilindi ini. Hakijawahi. Jana nimemwaga vibuyu vyote na mbegu yake. Aliye na chupa dirishani aiondoe, ampeleke mtu wake hospitali, awe anaumwa hili au lile."

Rukasi alikuwa anaangalia viatu. Nikasema moyoni, leo wamesikia.

Tulipokuwa tunanawa mikono, Ma Paskazia akanisogelea, akanishika kiwiko, akanivuta mpaka nyuma ya mibuni. Alikuwa analia machozi ya kweli.

"Leokadia, waitu, umesema vizuri mno. Hakuna dada aliyewahi kumsitiri nduguye namna ile. Mpaka ukajisingizia mwenyewe! Mimi nisingeweza."

"Paskazia, ni kweli. Ni kweli yote niliyosema."

"Ndiyo, ndiyo." Akanipapasa mkono kama mtoto. Akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Yule wangu, Anjelina, amebaki macho tu. Najua umesema umemwaga. Lakini huwezi kukosa hata moja. Hata ikiwa tupu, tupu tu, yenye uzi."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulinyanyuka kabisa, nikaurudisha kwenye kanga. Nikamwambia chupa sina. Nikamwambia atangulie, anionyeshe Anjelina amelala chumba gani, na kwamba Swithbert, aliyetuletea marehemu, bado hajageuza lori. Akasimama pale pale. Nikamshika mkono, nikamvuta, tukaenda hivyo hivyo, yeye akinizuia na mimi nikimburuta, watu wote wa msibani wakituangalia.